Jina Hili Limetoka kwa Nani?

Ndugu zangu, leo sianzi na dawa. Mafundi wengi wakikuta mashine ya Linux inajiita localhost, yaani jina la mashine isiyopewa jina lake, au maabara nzima ya kompyuta zenye jina moja, hukimbilia faili la /etc/hostname, wakaandika jina kwa mkono na kuondoka. Mimi nauliza kwanza: jina hili limetoka kwa nani?

Andikeni hostnamectl, amri inayoonyesha jina la mashine. Mtaona jina la kudumu, lile lililomo kwenye /etc/hostname. Lipo pia jina la muda, ambalo seva ya DHCP, ile inayogawa anwani za mtandao, huweza kulileta kupitia chaguo namba 12, sehemu ya ujumbe wake inayobeba jina la mashine. La kudumu likiwepo, la muda halifui dafu. Likikosekana, NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye mashine, hungojea neno la DHCP, na isipolipata huiuliza DNS, daftari la majina na anwani za mtandao: anwani hii ni ya nani?

Sasa fikirieni ile maabara iliyonakiliwa kutoka diski moja. Jina la mashine ya kwanza limenakiliwa pamoja na kila kitu, kwa hiyo seva itasema mchana kutwa bila kusikilizwa. Ondoeni kilichomo kwenye faili hilo, kisha washeni upya. Halafu angalieni /etc/machine-id, faili lenye namba ya utambulisho wa mashine, ambalo wengi hulisahau. systemd-networkd, programu nyingine ya kusimamia mtandao, hujitambulisha kwa seva ya DHCP kwa namba inayotokana na hiyo. Nakala mbili zikiwa na namba moja, zinaweza kupewa hata IP moja, yaani anwani moja ya mtandao. Hapo mtahangaika na waya bure. Nalo faili la /etc/machine-id lifanyeni tupu. Namba itajitengeneza upya mashine ikiwaka.

Faili la /etc/hostname ni tupu na jina bado haliji? Msibahatishe. Endesheni tcpdump -vn port 67 or port 68, amri inayoonyesha ujumbe wa DHCP unaopita, kisha ombeni anwani upya. Someni kwa makini, maana chaguo 12 hupita pande zote mbili: mashine hulitumia kutaja jina lake, seva hulitumia kutoa jina. Tunalolitafuta ni lililomo kwenye jibu la seva. Kama halimo, iacheni mashine, nendeni kwenye seva. Kwa dnsmasq, programu moja ya seva ya DHCP, mstari mmoja wa dhcp-host wenye anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao ya mashine) na jina unatosha.

Jina likifika, sudo, amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi, inaweza kulalamika kwamba hailijui. Kwenye Debian, mojawapo ya aina za Linux, tazameni mstari wa 127.0.1.1 ndani ya /etc/hosts. Mara nyingi bado umeshika jina la siku ya usakinishaji.

Wenye seva za wingu, nyinyi mna cloud-init, programu inayoandaa seva inapowaka, naye ana maoni yake kuhusu jina. Kumnyamazisha, wekeni preserve_hostname: true kwenye mipangilio yake. Haya, naona mikono. Tuanze na dada wa pale nyuma.