Kona Isiyochongeka

Ndugu wasikilizaji, nianze na kishimo. Mbunifu kachora kwenye kompyuta kishimo cha mstatili ndani ya kipande cha alumini, kona zake nne kali kama wembe. Fundi wa karakana anafungua faili, anacheka. Kikatio chake ni cha mviringo, kipenyo milimita 10. Kikifika konani kinaacha tao lenye nusu kipenyo cha milimita 5, utake usitake. Akishika kikatio chembamba tao linapungua, ila kazi inachelewa na kikatio huvunjika upesi. Kona kali yenyewe haipati.

Hapo ndipo CAD, programu za kuchorea, na CAM, programu za kuongoza mashine ya kukata, zinapoachana, ingawa watu huzitaja kwa pumzi moja. CAD inajua umbo la kitu. CAM inajua kikatio: kipite wapi, kizame kiasi gani, kwa kasi ipi. Kisha inatoa amri fupi fupi, G1 nenda moja kwa moja, G2 zunguka kufuata mshale wa saa, na mashine inatii kibubusa.

Ndani ya CAD kwenyewe, mimi huuliza programu inakumbuka nini. AutoCAD ilipotoka mwaka 1982 ilikumbuka mistari bapa, na mchora ramani za majengo hakudai zaidi. Waunda magari walitaka nyuso zilizopinda; kule Renault, Pierre Bézier alizishughulikia kwa hesabu za mikunjo ambayo hadi leo inabeba jina lake. Halafu zikaja programu zinazokumbuka hatua za kuchora. Pro/ENGINEER ilisifika kwa hilo kuanzia miaka ya 1980 mwishoni: ongeza unene wa ukuta, matundu yanasogea yenyewe. Raha tupu, mpaka urithi modeli ya mwenzako, ubadili kipimo kimoja, na skrini nzima iwe nyekundu kwa alama za makosa!

Wenye printa za 3D wanapokea zaidi STL, faili ya pembetatu tupu isiyobeba kizio cha kipimo. Niliwahi kutumiwa kifuniko cha inchi 4 kikafunguka milimita 4, kidogo kama punje. Mwenzangu alichora kwa inchi, programu yangu ikasoma milimita: kimepungua mara 25.4. Siku hizi kabla sijawasha printa napima kipande hapo hapo kwenye skrini, kisha nampigia aliyekichora.