Kupanga bustani kubwa ya nyumbani kwa mtindo wa kizamani: anza na upepo

Assalamu alaikum, hamjambo nyote, karibuni. Leo niko Utange, hapa Mombasa, kwa dadangu, kiwanja nusu eka, nyumba imekwisha na ukuta ushajengwa lakini mbele na nyuma ni magugu na vifusi vya fundi tu, na yeye ataka bustani kama ile ya nyanya yetu Likoni, maua ya kunukia, miti ya matunda, na mahali pa kutandika mkeka watu wakae mpaka usiku. Bas leo twaipanga pamoja toka mwanzo. Hatupandi miti bado, twapanga tu, na nawaomba msiiruke sehemu hii mkakimbilia miche, kwa sababu bustani nyingi za huku kwetu zaharibikia hapa hapa, mtu anunua miche kwanza halafu ndo aanza kuuliza, hii niiweke wapi.

Cha kwanza, simama katikati ya kiwanja uelekee kibla. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hivyo huhitaji dira wala simu. Ukisimama hivi mkono wako wa kulia ni mashariki, bahari iko huko, na wa kushoto ni magharibi, ndiko jua la alasiri latokea kukuchoma. Upepo wa kaskazi, mwezi wa 12 mpaka wa 3, waja kutoka mbele yako kuliani. Kusi, mwezi wa 4 mpaka wa 9 hivi, waja kutoka nyuma yako, kuliani vilevile. Sasa ushajua mambo mawili makubwa: upepo wote watoka kulia, joto la jioni latoka kushoto, na bustani nzima twaipanga kwa hayo mawili.

Halafu chukua karatasi yoyote, hata nyuma ya risiti, uchore nyumba, geti, kisima, septiki na tenki. Pima kwa hatua zako kama huna tepu. Nusu eka ni kama mita 45 kwa 45, yaonekana kubwa sana ikiwa tupu, lakini ukitoa nyumba na njia ya gari, ile iliyobaki lazima uigawe kwa akili.

Sasa twatafuta mahali pa kukaa, na hapa ndo msifanye haraka. Chukua kiti cha plastiki, kiweke unapodhani patafaa, ukae saa nne asubuhi, ukae tena saa saba, ukae tena saa kumi. Nyumba hii yatazama barabara upande wa magharibi, na dadangu alikuwa ashachagua pembe ya karibu na geti kwa sababu yapendeza. Saa kumi alikaa dakika tano akainuka mwenyewe! Tukahamia nyuma, uani, upande wa mashariki, ambako alasiri nyumba yenyewe yatia kivuli na upepo wapita wazi, na pia wanawake wakae kwa raha zao bila kuonekana na kila anayepita getini. Wageni wa mbele wana kibaraza chao. Kwa hivyo baraza la bustani ni hapa, tumeweka vigingi vinne na kamba, mita 5 kwa 4, baadaye litaezekwa makuti.

Sasa nawaonyesha kitu ambacho nakipenda kuliko vyote. Bustani ya kwetu ni ya pua kabla ya macho. Ukipanda asmini upande usio na upepo, harufu yote yaenda kwa jirani na wewe wabaki na majani tu. Sa tufanye hivi: tia makaa kwenye chetezo, weka udi au ubani, kitu chochote chenye moshi wa kunukia, halafu mtu mmoja akae barazani na mwingine azunguke na chetezo. Mpwa wangu ndo alikishika. Aliposimama kwenye ukuta wa kulia kabisa sikusikia kitu, moshi ulipanda juu ukapita kichwani. Akasogea hatua sita kuelekea kibla, bado. Alipofika hapa, mwaona hapa, mita 4 kutoka barazani upande wa kaskazini-mashariki, moshi ukalala ukaja chini chini mpaka usoni kwangu. Tukamwaga jivu pale pale, duara dogo, hiyo ndo alama ya asmini. Lakini leo ni kaskazi, kwa hivyo mwezi wa 6 kusi ikishika lazima urudie, na upande ule wa kusini-mashariki ndo twaacha nafasi ya mlangilangi. Wenyewe ni mti mkubwa na harufu yake yafika mbali, uweke hata mita 8 kutoka barazani.

Miti mikubwa yaenda kushoto, magharibi, kuikinga nyumba na jua la jioni. Hapo twaweka mwembe wa ngowe, lile embe refu lenye ncha kama mdomo wa ndege, na boribo mmoja. Kila mmoja mita 10 kutoka nyumba na mita 10 kutoka mwenziwe, msiibane, wallahi mche wa futi mbili wadanganya. Mwarubaini ni kivuli kizuri na wastahimili ukame, lakini uweke mbali na septiki. Mimi kwangu niliuweka mita 3 tu kwa sababu aliyeniuzia aliniambia mizizi yake yaenda chini moja kwa moja, baada ya miaka sita ikaingia kwenye paipu, tukavunja sakafu ya uani yote. Minazi mita 9 kwa 9, na usiweke juu ya baraza wala pale gari lalala wala pale watoto wachezea. Mndimu, mkomamanga na mstafeli ni midogo, twaileta karibu na jikoni, mita 4 au 5 yatosha. Na mrehani na mchaichai mlangoni kabisa, mtu atoe mkono achume.

Mashimo. Jamani, chini yetu hapa ni jiwe, matumbawe, ukichimba futi moja jembe lalia ngaa. Tafuta mtaimbo na kijana mwenye nguvu, shimo la mwembe liwe mita moja kila upande na mita moja kwenda chini. Likiisha mwaga ndoo mbili za maji uende ukaswali, ukirudi maji yakiwa bado yako, chini kuna mwamba haupitishi, vunja tena. Na jiwe hili lina chokaa nyingi, yauzuia mti kupata madini ya chuma, ndo mwaona majani machanga yageuka manjano na mishipa imebaki kijani. Dawa ni samadi iliyooza vizuri na majani makavu, mengi, kila mwaka. Ila samadi usiirundike karibu na minazi, yule mdudu mweusi mwenye pembe, chonga, hutaga humo humo kisha hupanda kutoboa kilele.

Udongo mwekundu wa lori ukilazimika kununua, uangalie kabla haujamwagwa. Chota, ponda mkononi, ukiona vijidude vyeusi kama punje za pilipili manga vimeunganishwa na uzi mwembamba, hiyo ni ndago, mrudishe mwenye lori. Ndago ikishaingia utang'oa mpaka uchoke, wang'oa jani na ile punje yabaki chini yachipua tena.

Na majongoo msiyaue. Pale Haller Park Bamburi palikuwa machimbo ya simiti, jiwe tupu, mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti, mivinje ikakubali, lakini majani yake hayakuwa yakioza mpaka alipoletwa jongoo, yule mweusi wa miguu mingi myekundu, akayala na kuyageuza udongo. Leo pale ni msitu. Kwa hivyo ukimkuta jongoo bafuni mbebe kwa ufagio mpeleke chini ya mwembe.

Maji. Onja maji ya kisima, kweli onja. Yakiwa na chumvi, mnazi, mvinje na mkadi itayavumilia, lakini mndimu na mlangilangi itaungua ncha za majani. Hiyo miwili ipe maji ya mvua. Bati la mita 150 za mraba, mvua ya milimita 20 tu yakupa lita 3,000, na masika yetu, mwezi wa 5 hasa, yanyesha zaidi ya hiyo mara nyingi. Weka tenki upande ule ule wa jikoni ili paipu iwe fupi.

Njia ziwe futi 5, za kokoto za matumbawe, ili watu wawili wapite sambamba na sinia.

Sasa kitu pekee twatia udongoni leo ni hivi vipande vya asmini, nimevikata asubuhi kwa nyanya. Sogeza kamera. Urefu wa kalamu, kimekatwa chini tu ya kifundo, majani ya chini nimeyatoa, nimebakisha mawili juu na hayo nayo nimeyakata nusu ili kisikauke. Vifundo viwili viingie mchangani, bonyeza kwa vidole, maji kidogo. Kopo kumi, zote kivulini chini ya dirisha la jikoni, mpwa wangu ndo wa kuyamwagia kila asubuhi. Baada ya wiki sita hivi kivute taratibu, kikikataa kutoka kimeshika mizizi, na masika yakianza mwezi wa 4 twavihamisha pale kwenye jivu.