Mnaouliza ile meli ya maharamia nililipa shilingi ngapi, haya

Haya jamani, hamjambo. Leo nawarekodia kutoka nyumbani kabisa, Tanga, Ngamiani barabara ya 12, barazani kwa mama. Bodaboda zikipita mnivumilie. Nimekuja kujibu komenti moja tu inayorudi kila siku tangu niweke ile video tulipopanda meli ya watalii Clearwater, kule Florida, Marekani: "Dada, ile meli ya maharamia mlilipa ngapi?" Wengine mnauliza kwa nia njema, nawajua. Wengine mnangoja nitaje mseme najishaua. Na nikisema ilinikaba, mtasema nalialia, si nirudi nyumbani. Basi nataja, neno la kusema mtachagua wenyewe.

Wakubwa watatu, mimi, mume wangu na mama, dola 45 kila mmoja. Watoto wawili, 35 kila mmoja. Hapo ni 205. Halafu kodi, maana kule bei iliyobandikwa siyo utakayolipa, na kaunti ile kodi ni asilimia 7. Maegesho 20. Bakshishi 20, na usiniambie bakshishi ni hiari: wakati wa kushuka binti anasimama na ndoo pale pale unapopita, anakutazama usoni. Picha 25. Hiyo wanakupiga kabla hujapanda, ukirudi unaikuta imeshachapwa na watoto wameshaiona. Jumla 284 na senti. Tuseme dola ni 2,500, laki saba na zaidi. Kwa safari ya saa mbili.

Ni hela, sikatai. Kwangu mimi ni siku mbili na nusu za kazi yangu kule, kuogesha wazee na kuwageuza vitandani, mgongo huu mnauona. Lakini binamu yangu alivyoiona video alinipigia usiku wa manane: "Kama una hela ya kupanda meli ya maigizo, bati thelathini zinakushinda nini?" Mwaka jana nilituma za msingi. Msingi wenyewe nimeupitia juzi, umeota mchicha. Basi, tuyaache.

Meli yenyewe ni boti ya injini iliyovalishwa mbao na milingoti, na bendera ya fuvu. Vijana wanawachora watoto masharubu, wanawapa bastola za maji, mwisho wanagawa "hazina", shanga za plastiki. Pomboo walitokea, hao hawakudai bakshishi. Watu wa kule wanayapenda haya. Jirani yao, jiji la Tampa, wana sikukuu ya haramia José Gaspar tangu 1904, hadi meya anawakabidhi ufunguo wa jiji watu waliovaa kiharamia. Na huyo Gaspar hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuwepo duniani! Sisi mwaka 2010 na 2011 mjomba wangu alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo, Wasomali wanateka meli kwa bunduki za kweli, na humu ndani neno haramia lilikuwa halichekewi.

Mama sasa. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia boriti. Mama kapanda, kaangalia juu, kaniuliza: "Upepo wote huu, mbona tanga wamelifunga?" Nikamwambia mama, ni pambo. Akaguna. Halafu akataka jaketi okozi. Kijana akamwonyesha yalipo, juu ya dari, yapo ya kutosha. Mama hakuelewa Kiingereza na hakutaka kuelewa. Kwao mamake ni Pemba, na meli ya Spice Islander iliyozama mwaka 2011 iliondoka na watu wetu. Akashushiwa moja, akalipakata safari nzima juu ya kanga kama mtoto mchanga. Ile picha ya dola 25 hamwoni jaketi kwa sababu ilipigwa kabla.

Mnaoniambia "mlete na mama yangu" ndio nataka mnisikilize. Boti si gharama. Gharama ni makaratasi. Tulipoomba sisi, ada ya viza ya matembezi ya Marekani ilikuwa dola 185, ukinyimwa hairudi. Fomu yenyewe ya kuombea viza, DS-160, kuijaza mtandaoni ni bure. Mimi nilikuwa sijui, nikamtumia wakala mmoja wa hapa mjini, simtaji, laki mbili na nusu. Akaandika jina la mama bila herufi ya mwisho, na jina la babu akaweka la baba yangu. Mama kaenda ubalozini Dar, kilomita 350 kwenye basi na miguu inavimba, akaambiwa karekebishe. Nikimdai laki mbili na nusu yangu, hadi leo "nipo kikaoni dada". Mara ya pili mpwa wangu wa kidato cha nne kaijaza kwa simu, herufi kwa herufi na pasipoti mkononi, kwa bando la buku.

Hayo ni ya kwetu lakini. Mwingine kafanya kila kitu sawa na kanyimwa, msije mkanishika shati. Sitoi ushauri wa viza kwa mtu.

Watoto wamemkumbusha bibi yao habari ya meli, sasa wanataka ya huku. Nimeongea na mwenye mashua pale Raskazone, Jumapili atuvushe kisiwa cha Toten tukaone yale magofu ya misikiti, bei tumeelewana. Ana majaketi manne. Sisi tuko watano. Mama kasema hapandi mtu mpaka la tano lipatikane, na hapa nilipo ananiita, nadhani ni kuhusu hilo hilo.