Joan Wicken na Rasimu ya Kwanza

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Kabla sijaanza, naomba kila anayelijua jina la Joan Wicken anyooshe mkono. Sita. Saba, pamoja na baba yule karibu na dirisha. Asanteni, shusheni. Jamani, tuko Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa hapa mjini, Kaloleni, Januari 1967, ikalizaa Azimio la Arusha, lile la siasa ya ujamaa, lililolipeleka jina la mji wetu duniani kote. Halafu ukimtaja mwanamke aliyefanya kazi ubavuni mwa Mwalimu Nyerere kwa zaidi ya miaka 30, ukumbi mzima unatoa mikono saba. Ndiyo maana nimeshalisema jambo hili mara nyingi, na nitalisema tena leo.

Habari za Mwalimu mnazo, sitazirudia. Huyu mama ndiye hamna habari zake. Alikuwa Mwingereza, mtu wa Chama cha Labour, aliyesoma Oxford baada ya vita. Mwaka 1956 na 1957 alisafiri Afrika kwa ufadhili wa masomo, akafika Tanganyika wakati TANU ina umri wa mtoto wa chekechea. Aliporudi kwao alichangisha fedha za Chuo cha Kivukoni, kile kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kwa kufuata mfano wa Ruskin, chuo cha wafanyakazi kule Oxford. Na tangu 1960 akawa msaidizi binafsi wa Mwalimu, kuanzia Mwalimu hajawa hata Waziri Mkuu, akaendelea naye Ikulu, kwenye chama, na baada ya kung'atuka. Alifariki kwao Uingereza mwaka 2004. Kitabu cha maisha yake hakutuachia.

Sasa naisikia ile sauti, huwa naisikia kila mara: "Kumbe alikuwa katibu tu."

Hapo kwenye "tu" ndipo ninaposimama. Mimi nimekuwa katibu muhtasi miaka 14 kabla sijaanza kufundisha hati mkato, yale maandishi ya alama fupi za kunasa maneno yanaposemwa. Naijua kazi hiyo kwa vidole vyangu. Ngoja niwaeleze siku moja tu, kisha mtaniambia kama "tu" inafaa.

Ofisi siitaji. Tulikuwa na wafadhili waliotaka kutupa fedha za mradi wa maji, lakini kwa masharti ambayo mkuu wangu hakuyapenda. Akapita mezani kwangu saa nne asubuhi, mkoba umeshafungwa, gari linamngoja, akaniambia: "Mama, waandikie kwamba hatukubali." Basi. Akaondoka. Maneno mawili nilibaki nayo, "waandikie" na "hatukubali", na barua ilitakiwa itoke siku ile.

Nikakaa mbele ya mashine. Hatukubali nini? Masharti yote matano au lile la tatu peke yake? Nikaenda masjala, nikaomba jalada, nikasoma barua za miaka miwili. Nikakuta mwaka uliotangulia tuliwahi kulikubali sharti kama lile la tatu, kwa wafadhili wengine. Kwa hiyo nikisema halikubaliki kabisa watatuona waongo. Nikaanza barua kwa kuwashukuru kwa visima ambavyo walikwishachimba, nikavitaja kwa idadi. Nikaliweka sharti la nne mbele, kwa sababu ndilo lililokuwa baya kweli, lile la kuleta mafundi wao wote na kuwaacha wetu wakiangalia. La tatu nikaliandika kwamba tungependa lijadiliwe. Mwishoni nikaacha mlango wazi: nikapendekeza wiki ya kukutana. Kurasa mbili, nakala nne kwa karatasi ya kaboni. Mkuu alirudi jioni, akasoma amesimama, akatia sahihi.

Wale watu walikuja ile wiki niliyoitaja. Sharti la nne likaondolewa. Maji yalitoka. Miaka sita baadaye, siku ya kumuaga mkuu wangu, msemaji mmoja alisimama akaisifu ile barua kuwa ni mfano wa busara ya uongozi, akaisoma hata aya nzima. Aya yangu. Mimi nilikuwa ukumbini humo humo, nimeshika trei ya soda. Hakuna aliyenitazama, na mkuu naye hakugeuka.

Sikuwaeleza haya ili mnionee huruma. Uamuzi wa kukataa ulikuwa wa mkuu, nami siudai. Lakini kukataa kwa namna gani, kwa sababu ipi kwanza, na mlango upi ubaki wazi, hayo aliyaamua nani? Anayeandika rasimu ya kwanza ndiye anayepanga mjadala uanzie wapi. Wakubwa wanaweza kufuta mstari, wanaweza kuongeza neno, lakini wanafuta na kuongeza juu ya karatasi ambayo mtu mwingine ameshaichora ramani.

Sasa ichukueni barua yangu ya visima, muizidishe. Weka badala ya visima Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Weka Afrika Kusini, Biafra, Uganda ya Amin, Shirika la Fedha la Kimataifa. Weka miaka 30. Weka Rais anayezungumza na dunia kwa lugha ya kigeni, na mwanamke anayemsaidia kuandaa hotuba, makala na barua katika lugha hiyo. Halafu mje mniambie "tu".

Kuna anayesema: "Mwalimu alijiandikia mwenyewe, alikuwa mwandishi mkubwa." Ni kweli kabisa. Mtu aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili hakuhitaji kushikwa mkono na yeyote. Lakini mwandishi mkubwa ndiye anayejua thamani ya msomaji wa kwanza. Mwandishi mdogo ndiye anayedhani amemaliza. Na Rais hana saa. Ana ziara, ana vikao, ana wageni, ana mvua zilizogoma kunyesha Dodoma. Kati ya wazo lililo kichwani mwake na karatasi iliyo mbele ya mabalozi pana kazi ya siku nyingi, na kazi hiyo ina mwenyewe.

Nitawapa mfano wa jinsi kazi hiyo ilivyo nzito, na nitautoa kwenye Azimio lenyewe, kwa kuwa ni letu. Azimio lilijadiliwa kwa Kiswahili, likachapishwa kwa Kiswahili. Kisha likatoka kwa Kiingereza, na baadaye likatoka tena kwa Kiingereza, safari hii likiwa na maelezo mafupi mwanzoni kwamba tafsiri hii iliyosahihishwa inaondoa utata uliokuwamo katika ile ya kwanza. Sentensi chache tu, ambazo watu huziruka. Msiziruke! Maana yake ni kwamba dunia ilikwishaanza kutusoma vibaya, na mtu ilibidi akae chini na maandishi mawili, kidole hapa na kidole pale, akiuliza neno moja moja.

Chukueni sentensi inayojulikana kuliko zote: "Siasa ya TANU ni kujenga nchi ya ujamaa." Kiingereza chake kimesema siasa ya TANU ni kujenga dola ya kisoshalisti. Zisikilizeni zote mbili. Nchi ni nini kwa bibi yangu kule Usa River? Nchi ni ardhi, ni watu, ni mvua, ni makaburi ya wazee. Dola ni polisi, kodi na wizara. Na ujamaa unatoka kwenye jamaa, watu ninaokula nao. Usoshalisti umetoka kwenye viwanda vya Ulaya. Mkulima wa Kiswahili alisikia kwamba tunajenga nchi ya watu wa jamaa moja. Mwenye benki London alisikia kwamba dola inakuja kumnyang'anya. Na zile benki zilitaifishwa wiki ile ile ya Azimio, kwa hiyo msidhani haya ni mambo ya walimu wa lugha. Neno moja likihama chumba, fedha nazo zinahama nchi.

Kati ya vyumba hivyo viwili, Kiswahili cha chama na Kiingereza cha dunia, ndimo Joan Wicken alimofanyia kazi zaidi ya miaka 30. Hiyo ndiyo diplomasia. Diplomasia si kupeana mikono uwanja wa ndege tu.

Naam, kijana, nimekuona unatikisa kichwa. Unataka kuuliza: "Mama, unatuambia Mzungu ndiye aliyetutungia siasa?" Afadhali liulizwe hapa ndani kuliko kunong'onezwa nje. Hapana. TANU ilizaliwa 1954 yeye akiwa kwao. Waliobishana pale Kaloleni walibishana kwa Kiswahili, na waliokata shauri ni wao. Huyu alikuta njia imekwishapasuliwa, akaomba kubeba mzigo. Lakini kuna tofauti kati ya kumpa mtu siasa yetu na kukiri kazi aliyoifanya. Tukiogopa kukiri kazi ya Mzungu mmoja kwa kuwa ni Mzungu, kesho tutashindwa kukiri ya Mchaga, ya Mmeru, ya mwanamke yeyote, maana sababu ya kutokiri haikosekani.

Na tazameni mwaka 1965. Ian Smith, mkuu wa serikali ya walowezi Wazungu, anajitangazia uhuru Rhodesia tarehe 11 Novemba. Umoja wa Nchi Huru za Afrika unawapa Waingereza hadi 15 Desemba wauzime uasi ule. Hawakuuzima. Tanzania ikakata uhusiano na Uingereza siku hiyo hiyo ya 15, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tumeahidiwa ukazuiwa. Balozi wao akafunga mizigo. Nani alibaki ofisini kwa Mwalimu asubuhi iliyofuata? Mwingereza. Uhusiano ulirudi mwaka 1968, na miaka yote hiyo mwanamke huyo alikuwa kazini, akimtumikia Rais aliyegombana na serikali ya kwao. Fikirini alikuwa anaaminiwa kiasi gani. Fikirini pia chakula cha jioni alichokula na marafiki wa kwao, maneno aliyoyasikia mezani. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mpambe wa pembeni. Kuaminiwa vile wakati ule ilikuwa ni nafasi ya kisiasa, hata kama haikuwa na cheo kwenye gazeti la serikali.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona.

Nilitaka kusema kwa kirefu habari za Lusaka 1979, mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofungua njia ya mazungumzo ya Lancaster House kule London na hatimaye uhuru wa Zimbabwe, Aprili 1980. Nilitaka pia mkutano uliofanyika hapa hapa Arusha katikati ya mwaka 1980 kuhusu mfumo wa fedha duniani, wakati tunavutana na Shirika la Fedha. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa na hamjui kwamba mji huu ulitoa sauti ile. Na Tume ya Kusini, ile ya nchi zinazoendelea, 1987 hadi 1990, Mwalimu akiwa mwenyekiti na Manmohan Singh, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa India, akiwa katibu mkuu. Wicken alikuwamo katika kazi ya tume hiyo pia. Mtu ameanza na chama cha wakulima wa Tanganyika akaishia na hoja za nchi maskini za mabara matatu. Hilo peke yake ni mhadhara mzima, na leo nimelimega.

Lakini jambo moja siondoki bila kulisema, kwa sababu linatugusa sisi wa kaskazini. Mnamjua Lucy Lameck, mzaliwa wa Njoro, Moshi. Angalau huyu mikono ingekuwa mingi. Mwanamke wa kwanza kuingia kwenye serikali ya Tanganyika kama katibu wa bunge wizarani, baadaye naibu waziri wa afya. Kabla ya hayo yote alikuwa wapi? Alisomea uuguzi, akauacha, akajifunza hati mkato na kupiga chapa, akawa katibu katika ofisi za KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Katibu! Kutoka hapo akaenda Ruskin, chuo kile kile nilichowatajia. Aprili 2021 Berlin wamefuta jina la Wissmann kwenye mtaa wao, yule yule Mjerumani aliyekuja kumpiga Mangi Sina wa Kibosho mwaka 1891 na baadaye akawa gavana wa koloni lao, wakaweka la Lucy Lameck. Yaani jina la karani wa KNCU limesimama Berlin mahali pa jina la gavana. Nimeliona kwenye picha, na nililia.

Sasa ombi langu, kisha nakaa. Nyumbani kwenu mna mama, shangazi au bibi aliyewahi kuwa katibu muhtasi, mahakamani, kwenye ushirika, halmashauri, kanisani, msikitini, kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza iliyovunjika 1977. Chini ya kitanda chake kuna madaftari yenye mistari iliyopindapinda kama nyayo za ndege. Mnadhani ni uchafu, mnataka kuwashia jiko. Ile ni hati mkato. Ndani yake mna maneno yaliyosemwa kwenye vikao kabla hayajasafishwa kuwa muhtasari. Anayeweza kuisoma leo ni mzee, na tunapungua kila mwaka.

Msichome. Mwulizeni kwanza mwenyewe kama yuko hai, maana daftari ni lake na siri ni zake. Akiridhia, nileteeni. Nipo nyumbani kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, mwenyekiti atawaelekeza njia. Nitasoma, kijana mmoja wenu aandike pembeni yangu, na jina la mama huyo tutaliandika juu ya ukurasa wa kwanza.