Vichwa 600 kwa Mkono

Nimeombwa nizungumzie mbinu kumi za kuharakisha kazi kwenye InDesign, programu yetu ya kupanga kurasa. Nitazungumzia moja. Zile tisa zikipata nafasi, sawa.

Walionisikia mwaka jana wanaujua wimbo wangu: mitindo ya aya, yaani mapambo ya aya yaliyohifadhiwa kwa jina moja. Naona mmoja pale nyuma ameshaanza kucheka. Cheka tu, ila tukitoka hapa nifungulie faili lako tuone.

Nilipoanza usanifu kurasa nilipewa kitabu cha kiada chenye vichwa vidogo 600 na ushei. Nikavipamba kimoja kimoja: nachagua, naongeza ukubwa, nakoza, nashuka kwa kinachofuata. Kikapendeza kweli. Siku mbili kabla ya kwenda mtamboni mhariri akanipigia: “Mdogo wangu, hivi vichwa vinapiga kelele. Vitoe pointi 14, weka 12.” Basi, akakata simu. Pigeni hesabu: robo dakika kwa kila kichwa ni saa mbili na nusu za kubofya, hujanywa hata maji. Nikakesha, asubuhi nikajiona mwamba. Kitabu kilipotoka, vichwa saba vilikuwa bado pointi 14, na kimojawapo kipo ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza, kimenitumbulia macho!

Ningekuwa na mtindo unaoitwa Kichwa Kidogo, ningefungua dirisha lake, nikafuta 14, nikaandika 12. Vyote vinashuka kwa mpigo.

Najua kuna atakayesema, “Mwalimu, mimi natengeneza vipeperushi vya kurasa nne, mitindo ya nini?” Ndugu yangu, mteja wa kurasa nne ndiye anayebadili mawazo mara nane! Na usiniambie kutengeneza mtindo kunakula muda. Pamba aya moja mpaka ikuridhishe, acha kasa, kile kijistari kinachopepesa, iwe humohumo, bofya kitufe cha mtindo mpya kwenye paneli ya mitindo. Mapambo yote yameshachukuliwa. Upe jina la maana, maana nimechoka kuokoa mafaili yenye “Mtindo 1” hadi “Mtindo 37”.

Kisha ifanye mitindo izaliwe, mmoja urithi mapambo ya mwingine. Matini ya kawaida awe mzazi, nukuu na orodha ziwe watoto wake. Ukibadili fonti ya mzazi, watoto wanafuata, isipokuwa pale ulipowapa fonti yao wenyewe.

Na ile alama ya kujumlisha inayotokea pembeni ya jina la mtindo, msiizoee. Maana yake kuna mtu amechezea aya hiyo kwa mkono. Shika Alt, bofya jina la mtindo, uchafu unaondoka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, harakaharaka. Ctrl+D kuleta picha au matini, acheni kunakili na kubandika. Unapomimina matini marefu, shika Shift ndipo ubofye, kurasa zitajiongeza zenyewe. Nafasi mbilimbili alizoacha mwandishi zitafutwe kwa Ctrl+F, zisiwindwe kwa macho. Herufi W inaficha mistari ya miongozo uone ukurasa ulivyo, lakini uwe umetoka kwanza kwenye maandishi, la sivyo utajaza w kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Kurasa mama, zile za kiolezo cha kurasa nyingine, sizigusi leo, hizo zinataka siku yake.

Mwenye faili lenye alama za kujumlisha aje nalo wakati wa chai. Wewe wa nyuma, uwe wa kwanza.