Kamera ya Uani: Mkondo wa Rekoda na Mkondo wa Simu

Assalamu alaykum. Leo tuko Wete, uani kwa ami yangu. Hayo mnayoyaona kwenye majamvi ni karafuu, na ile kamera nyeupe chini ya upenu ndiyo kazi yetu. Ami mwenyewe yuko Unguja, ana duka lake Darajani, na anataka akifungua simu azione karafuu zake. Kamera ishafungwa, waya ushavutwa. Kilichobaki ni kile ambacho mafundi wengi tunakiacha kama kilivyotoka kiwandani: video ibanwe vipi, na ipite njia gani.

Hayo ni mambo mawili. H.264, H.265 na MJPEG ni namna za kuibana picha. RTSP, RTMP na HLS ni itifaki, njia za kuisafirisha. Gunia ni jingine na chombo ni kingine; gunia lilelile linapanda gari na linapanda jahazi.

Haya, tuanze. Fungua brauza, andika anwani ya kamera. Yetu ni 192.168.1.64. Kama nywila bado ni ya kiwandani, ibadilishe kabla hujagusa chochote. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera na ruta mamia ya maelfu kwa kujaribu tu nywila zinazojulikana.

Sasa nenda kwenye mipangilio ya video. Angalieni hapa juu kwenye skrini: kamera hii inatoa mikondo miwili kwa wakati mmoja, mkuu na mdogo. Hapa tukae kitako, maana ukipapatia hapa kamera yote iliyobaki ni rahisi.

Mkondo mkuu ni wa rekoda, kile kifaa kinachohifadhi video kwenye diski, iliyomo humu ndani ya nyumba. Hautoki kwenda mtandaoni, kwa hiyo hauli bando, unakula diski tu. Ukiuweka H.264 kwa megabiti 4 kwa sekunde, hesabu yake ni hii: 4 gawa kwa 8, maana biti 8 ni baiti moja, unapata nusu megabaiti kila sekunde, ambayo ni GB 1.8 kwa saa, GB 43 kwa siku. Diski ya TB 1 inajaa siku ya 23. Ukichagua H.265, picha ya ubora uleule hukaribia kuhitaji nusu ya hapo. Kwa hiyo naweka H.265, fremu 15 kwa sekunde, yaani picha 15 zinazofuatana, kikomo kilobiti 2,048, na diski ileile inanifikisha siku 45 hivi. Lakini hakikisha kwanza kwamba rekoda inaijua H.265. Rekoda kuukuu zitakuonyesha kioo cheusi, utadhani waya umekatika.

MJPEG je? Hiyo kila fremu ni picha kamili, haikumbuki iliyopita. Fremu ya kilobaiti 100 mara 15 ni megabiti 12 kila sekunde, kwa kutazama majamvi ambayo hayaendi popote! H.264 na H.265 zina akili zaidi: zinapeleka picha moja kamili, kisha zinapeleka kilichobadilika tu. MJPEG mimi naitumia pale tu ambapo kuna kifaa cha zamani kisichojua kingine.

Ile picha kamili inaitwa fremu ya I. Kuna kisanduku kinauliza ije kila baada ya fremu ngapi. Weka mara mbili ya fremu za sekunde moja. Tuna 15, basi 30. Ukiweka 150, mtu akifungua simu anaweza kusubiri hadi sekunde kumi kabla picha haijatulia, na pakiti moja ya data ikipotea njiani, uso wa mtu unabaki umepakazwa kama rangi mbichi mpaka fremu ya I nyingine ifike.

Na hapa chini, mzunguko wa umeme: chagua 50, si 60. Umeme wetu ni hetsi 50. Ukikosea, usiku chini ya taa utaona mistari inapanda na kushuka kwenye picha, na utahangaika na kamera bure.

Sasa mkondo mdogo, huu ndio wa ami. Mwanzo nilikosea mwenyewe: nilimpa mkondo mkuu wenye megabiti 4. Bando lake la GB 5 halikumaliza masaa matatu. Akanipigia, "Mwanangu, hii kamera inakula kuliko mbuzi." Basi tuweke hivi: H.264, ukubwa 640 kwa 360, fremu 10, kilobiti 256. Saa nzima ya kutazama haizidi MB 115 kwa kitu. Hapa sichagui H.265 kwa makusudi, kwa sababu si kila simu na si kila brauza inaifungua, wakati H.264, iliyotoka mwaka 2003, karibu kila simu inayo.

Tumemaliza gunia, twende kwenye chombo.

Ndani ya nyumba, kati ya kamera na rekoda, tumia RTSP. Mlango wake ni namba 554. Kama kamera na rekoda ni za kampuni mbili tofauti, washa ONVIF pande zote mbili. Ni utaratibu ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya makampuni tofauti vielewane. Ukitaka H.265 kwa njia hiyo, tafuta kifaa chenye Profaili T ya ONVIF, kwani Profaili S haikutengenezewa H.265.

Tujaribu. Kwenye kompyuta fungua VLC, programu ya kutazama video, bonyeza Ctrl na N, andika rtsp://, jina, nukta pacha, nywila, alama ya @, kisha anwani ya kamera na njia yake. Njia hiyo kila kampuni ina yake, itazame kwenye kitabu cha kamera. Mnaona? Jamvi hilo hapo. Kama picha inatoka imekatikakatika, nenda kwenye mipangilio ya VLC uiambie ipitishe RTSP kwa TCP badala ya UDP. UDP haingoji kilichopotea, TCP hukirudia. Kwa Wi-Fi inayopenya kuta nene za mawe, kama za Mji Mkongwe, mimi TCP moja kwa moja.

Mbali na nyumba ni habari nyingine. HLS, ya Apple tangu mwaka 2009, inakata video vipande vipande na kuvipeleka kama kurasa za tovuti. Inafunguka kirahisi kwenye simu, lakini inachelewa. Tuliijaribu hapa. Ami akaona mvua kwenye simu, akampigia mkewe mbio: "Funika karafuu!" Mkewe akamjibu, "Nishazifunika kitambo. Wewe unaitazama mvua iliyokwishapita." Ilikuwa kama nusu dakika nyuma. Kwa hoteli ya Nungwi inayowaonyesha watu bahari, HLS inatosha kabisa, na kama inarusha YouTube basi kamera hupeleka kwa RTMP. Kwa karafuu, hapana.

Kwa ami nimechukua programu ya bure iitwayo MediaMTX, nimeiweka kwenye kompyuta ndogo pembeni ya rekoda. Inachukua RTSP ya mkondo mdogo na kuitoa kwa WebRTC, itifaki ya video ya papo kwa papo ambayo mara nyingi huchelewa chini ya sekunde moja. Simu ya ami inaingia humo kwa VPN ya WireGuard, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, na upande mmoja lazima uwe na anwani inayofikika kutoka nje. Intaneti ya laini ya simu kwa kawaida haikupi hiyo, hapo tumia programu ya simu ya kampuni ya kamera. Mlango 554 usiufungue kwenye ruta hata uambiwe ni wa dakika mbili.

La mwisho, rudi usiku. Kwenye VLC bonyeza Ctrl na J, tazama kasi ya video. Mchana mkuu wetu ulikuwa unacheza kilobiti 900. Sasa hivi uko 2,000, umegota kwenye kikomo, na picha ina chenga. Giza huleta chenga, na kamera inaona kila chenga ni kitu kilichobadilika. Ila hapa kuna kingine. Huo uzi mweupe unaopita mbele ya lenzi, mnauona? Buibui. Taa ya kamera huvuta wadudu, na yeye kaja kutega. Nishikieni ngazi.