Nani Amefariki? Kutangaza Muziki wa Kiklasiki wa Zama Hizi Katika Redio ya Jamii

Mhadhara uliotolewa Mbeya mbele ya walimu wa kwaya na watangazaji wa redio za jamii

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, walimu wa kwaya na watangazaji wenzangu, nawashukuru kwa kunialika.

Jumapili ya kwanza niliyorusha kipindi changu, saa tatu usiku, niliweka kipande cha fidla na piano bila kutanguliza neno lolote, kwa kuwa nilidhani kwamba kunyamaza ndiyo heshima ambayo muziki wa namna ile unastahili. Hazikupita dakika tano, simu ya studio ikaanza kulia. Mpigaji wa kwanza, mama mmoja wa Tukuyu, aliniuliza kwa sauti ya chini: “Mwanangu, nani amefariki?” Wa pili aliuliza swali hilo hilo, na wa tatu alikuwa ameshawaarifu majirani. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila Mtanzania wa rika langu analijua, kwamba muziki wa ala wa polepole, usio na mwimbaji, ukiingia redioni ghafla, basi taifa lina msiba. Ndivyo tulivyosikia Oktoba 1999 tulipoondokewa na Mwalimu Nyerere, na ndivyo tulivyosikia tena Machi 2021.

Tangu usiku ule sijaweka kipande hewani kabla ya kusema. Mengi nitakayoeleza leo yanahusu hicho kinachosemwa: kiwe kirefu kiasi gani, kisemwe kwa maneno ya nani, na mtangazaji anyamaze wapi.

Muziki ninaouzungumzia ni ule unaoandikwa na watunzi waliosomea kazi hiyo, tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi leo, na unaopigwa zaidi kwenye kumbi kuliko kwenye dansi. Msidhani kwamba huko ulikoanzia ulipokewa kwa vigelegele. Tarehe 29 Mei 1913, mjini Paris, muziki wa Igor Stravinsky ulizomewa ukumbini hadi wachezaji jukwaani wakashindwa kuwasikia wapiga ala. Kwa hiyo msikilizaji wa Rungwe anaponipigia simu na kulalamika kwamba masikio yake yanauma, humwambia kwamba hayuko peke yake, kisha humwomba anivumilie dakika mbili zaidi.

Mtangazaji mgeni katika kazi hii hudhani kwamba dawa ya ugumu ni maelezo mengi. Husoma wasifu wa mtunzi, mwaka aliozaliwa, walimu wake na tuzo zake, na anapofika kwenye muziki wenyewe msikilizaji ameshahamia stesheni nyingine. Mimi humpa msikilizaji kitu kimoja tu cha kushika kwa sikio, kitu ambacho anaweza kukitambua mwenyewe kabla dakika haijaisha, na hukichukua katika yale anayoyajua tayari. Hapa nyanda za juu kusini tuna bahati kubwa. Wamoravian na Walutheri wa Berlin waliingia Rungwe mwaka 1891, na tangu wakati huo kwaya na bendi za tarumbeta zimejenga masikio ambayo wengi wetu hatuyahesabu kuwa ni elimu. Mtu anayesoma nota za sofa, yaani do, re, mi, na kuimba besi kila Jumapili si mgeni wa muziki huu, hata kama hajawahi kuliona zeze la Kizungu kwa macho yake.

Nitoe mfano wa kile kile kipande kilichozua msiba. Kilitungwa mwaka 1978 na Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia aliyezaliwa mwaka 1935, na jina lake la Kijerumani lina maana ya kioo ndani ya kioo. Nilipokirudia wiki iliyofuata, nilisema hivi tu: “Fidla itaimba re, mi. Kisha itaimba fa, mi. Kisha do, re, mi. Kisha so, fa, mi. Kila mara itaongeza hatua moja na kutoka mbali zaidi, na kila mara itarudi nyumbani kwenye mi. Piano chini yake haitoki katika sauti za kwaya mnazozijua. Hesabuni hatua.” Maelezo yalikuwa hayo tu. Usiku ule hakuna aliyeuliza habari za msiba. Mwalimu mmoja wa kwaya alipiga simu kuniarifu kwamba amehesabu hadi akapotea kwenye hatua ya saba, na kwamba anataka kirudiwe.

Kwa muziki wa Arnold Schoenberg na wenzake, ambao tangu miaka ya 1920 walizipanga sauti zote 12 bila kuipa hata moja ukubwa, nilipata msaada wa mzee mmoja wa besi aliyeuita “kwaya iliyoitupa do”. Sijapata tafsiri bora kuliko hiyo. Nakiri kwamba muziki huo siuweki mara nyingi, na sababu ni kwamba mimi mwenyewe huuheshimu kuliko ninavyoupenda, jambo ambalo msikilizaji hulisikia katika sauti ya mtangazaji hata pale maneno yanapolificha.

Wenzangu wa redio wataniuliza kwa nini tusiwaachie kazi hii watu wa kumbi. Jibu langu ni kwamba sehemu ya muziki huu ilizaliwa redioni. Mwaka 1944, mjini Cairo, kijana aliyesomea kilimo, Halim El-Dabh, aliazima kutoka kituo cha redio mashine ya kurekodia kwa waya, akaenda kurekodi nyimbo za wanawake katika zari, yaani sherehe ya kupunga pepo, kisha akazichuja sauti zile hadi ukabaki mwangwi wake. Miaka minne baadaye, Pierre Schaeffer, mfanyakazi wa redio ya Ufaransa, alirekodi mabehewa na injini za treni, akazikata sauti hizo na kuzipanga upya, kisha akazirusha hewani kama muziki.

Kipande hicho cha treni nilikiweka nikifikiria stesheni ya TAZARA pale Iyunga. Nilisema tu kwamba wapo wasikilizaji wanaokifahamu kuliko mimi. Mzee mmoja mstaafu alipiga simu akanisahihisha: “Hiyo si ya kwetu, kijana. TAZARA ni dizeli. Hiyo ni injini ya mvuke. Mimi nilianzia Reli ya Kati, naijua pumzi yake.” Kisha akaeleza, hewani, ni wakati gani dereva alikuwa akifungua mvuke na wakati gani gurudumu lilikuwa likipita kwenye kiungo cha reli. Nilinyamaza nikamwachia kipaza sauti kwa dakika kumi, na hadi leo sijatangaza kipindi kilicho bora kuliko kile.

Sasa niseme machache kuhusu mitambo, kwa sababu mitambo inaweza kuharibu yote haya bila mtangazaji kujua. Karibu kila kituo cha FM kina kifaa cha kubana sauti, ambacho huinua kilicho chini na kushusha kilicho juu ili mahubiri, matangazo ya biashara na bongo fleva visikike kwa nguvu moja. Muziki unaoanza kwa mnong'ono na kufika kwenye ngurumo huingia katika kifaa hicho ukiwa mlima na kutoka ukiwa uwanda wa Usangu. Fundi mitambo wetu alikubali, baada ya kubembelezwa sana, kukilegeza kwa saa yangu moja. Redio ndogo za betri nazo humeza sauti za chini, kwa hiyo kila kipande hukisikiliza kwanza kwenye redio ya jikoni, na kisipofaa pale hukiacha, hata kiwe kizuri namna gani kwenye spika kubwa.

Kuna pia kifaa kinacholinda ukimya. Hewa ikikosa sauti kwa muda uliopangwa, hudhani mitambo imekufa na kuanzisha nyimbo za akiba. Januari 2004, BBC ilipotangaza kipande cha John Cage cha mwaka 1952, ambacho mpigaji hapigi nota hata moja kwa dakika nne na sekunde 33, mafundi walilazimika kuizima mitambo yao ya dharura. Mimi sikuwa na habari hiyo. Katikati ya kimya kirefu cha kipande kimoja cha polepole, wasikilizaji wangu waliingiliwa na wimbo wa harusi wenye vigelegele.

Wapo wanaosema kwamba tunapigia watu muziki wa Ulaya. Mwaka 1992 Kronos Quartet, kundi la wapiga zeze wanne la Marekani, ilitoa mkusanyiko wa tungo za Waafrika, akiwamo Justinian Tamusuza wa Uganda, ambaye zeze zake nne zinaongea Kiganda kitupu. Steve Reich, mtunzi wa Marekani, naye alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe, akapata malaria na kurudi kwao mapema kuliko alivyopanga. Miaka miwili baadaye akatunga kipande cha makofi ya watu wawili. Wote wawili huanza na mpigo mmoja wa hesabu 12: makofi matatu, pumzi, mawili, pumzi, moja, pumzi, mawili, pumzi. Kisha mmoja hubaki pale pale, na mwenzake husogea mbele hesabu moja, akisharudia husogea nyingine, hadi anapozunguka zote 12 na kukutana naye tena. Tulipojaribu studioni mara ya kwanza, aliyetakiwa kubaki alimfuata mwenzake bila kujua.

Kwa kuwa ukumbi huu umejaa walimu wa kwaya, naomba wawili waje hapa mbele. Wewe mwalimu wa alto utabaki pale pale, usimsikilize mwenzako hata akikutazama. Wewe wa besi utasogea nikikunyooshea kidole. Wengine tuhesabu kimya. Moja, mbili, tatu…